Kabla Ulipie Paka Wako Leza, Soma Hii Historia

Umeshaiona hiyo video. Paka amelala kwa taulo, amevalishwa vimiwani vyeusi vya kuchekesha, daktari pia yuko na miwani yake, halafu kimashine fulani kinapitishwa polepole juu ya kidonda huku taa nyekundu inang'aa. Kisha zinakuja picha mbili. Siku ya kwanza, nyama iko nje. Wiki kadhaa baadaye, ngozi imefunga na manyoya yameanza kurudi. Kliniki za wanyama za Marekani na Uingereza hupenda sana kuweka hizi vitu, na huku kwetu tunatumiana tukiulizana kama kuna mahali Nairobi wanafanya.

Mimi sina shida na leza. Shida yangu ni hizo picha mbili. Ukifuata historia ya mwanga kama dawa, utaona kwamba walioutumia na kugundua kitu cha kweli waliangalia aliyemulikwa na ambaye hakumulikwa, kando kwa kando. Biashara ilipoingia, huyo wa pili ndiye aliachwa nje ya picha. Na paka wako, ambaye kidonda chake pengine kingefunga hata bila taa, hawezi kukwambia ni nini kilimponya.

Hebu turudi nyuma kidogo. Na tutaanza na paka, lakini si huyo wa video.

Miaka ya mwisho ya karne ya 19, Copenhagen, Denmark. Kuna daktari kijana anaitwa Niels Finsen. Amezaliwa 1860 huko Tórshavn, visiwa vya Faroe, mahali ambapo msimu wa baridi jua linachungulia tu halafu linaenda zake. Ni mgonjwa. Anachoka ovyo, damu haimtoshi, na nyumba anayoishi inatazama kaskazini kwa hivyo jua halimfikii. Inasimuliwa kwamba siku moja alimwona paka akiota jua juu ya paa. Kivuli kilipomfikia, paka akainuka, akasogea penye jua, akalala tena. Kivuli kikamfuata, akasogea tena. Wengi wetu tungesema paka ni wavivu tu, stori ikaisha. Finsen akajiuliza: huyu mnyama anapata nini hapo ambacho mimi nakikosa?

Wazo lake la kwanza kubwa lilihusu ndui. Mwaka wa 1893 alipendekeza wagonjwa wa ndui wawekwe kwenye vyumba vyenye mwanga mwekundu pekee, madirisha yafunikwe, ili ile miale mingine isichokoze ngozi na kuacha makovu. Watu walilichukua kwa uzito, hospitali zikajaribu. Baadaye likaachwa, kwa sababu matokeo hayakusimama. Hii sehemu ya Finsen huwa haisimuliwi sana, na kwangu ndiyo muhimu: mtu huyohuyo, akili hiyohiyo, imani hiyohiyo kwa mwanga, na bado wazo moja lilianguka.

La pili halikuanguka. Kulikuwa na ugonjwa unaitwa lupus vulgaris, kifua kikuu cha ngozi. Ulikuwa unakula uso. Pua inaisha, mdomo unaisha, mtu anajifungia ndani miaka mingi kwa aibu. Madaktari walikuwa wanaukata, wanauchoma kwa dawa kali, na unarudi. Mwaka wa 1895 Finsen alianza kumulika uso wa mhandisi mmoja wa Copenhagen aliyeteseka hivyo kwa miaka, akitumia taa ya umeme ya ncha za kaboni, ile inayong'aa mpaka macho yanauma. Ngozi ikaanza kupona. Mwaka uliofuata akafungua taasisi yake. Kufikia 1901 walikuwa wametibu wagonjwa zaidi ya 800, na wengi wao walipona au wakapata nafuu kubwa.

Msifikirie ilikuwa kazi rahisi. Mwanga ulipitishwa kwenye mabomba yenye lenzi na maji baridi ili usiunguze. Kila mgonjwa alikuwa na muuguzi wake, ameketi hapo akibonyeza kioo juu ya ngozi ili damu isogee kando na mwanga uzame ndani. Kila siku kasehemu kadogo, muda mrefu, kwa miezi. Mwaka wa 1903 Finsen akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Wakati huo alikuwa anatumia kiti cha magurudumu. Mwaka uliofuata alifariki, akiwa na miaka 43.

Halafu kuna hii. Finsen aliamini ni ile miale ya urujuani isiyoonekana ndiyo iliyokuwa inaua vijidudu. Mwaka wa 2005 watafiti wa Denmark walivipima vile vifaa vyake vya zamani na wakakuta lenzi na vichujio vyake vilikuwa vinazuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Maelezo yao ni kwamba mwanga unaoonekana, ule wa upande wa bluu, ulikuwa unaamsha kemikali fulani ndani ya vijidudu vyenyewe, na hiyo kemikali ndiyo ikawa sumu kwao. Yaani tiba ilifanya kazi, lakini si kwa njia ambayo mwenyewe alifikiria. Angetegemea maelezo yake tu, ile ya ndui na ile ya ngozi zote zilisikika vizuri. Waliopona ndio walioamua ipi ni ipi, na walionekana kwa sababu huu ugonjwa ulikuwa hauponi wenyewe. Shikilia hapo, tutahitaji hiyo pointi tukifika kwa paka.

Dawa za kuua bakteria zilipokuja, hasa streptomisini miaka ya 1940, taa za Finsen zikazimwa. Mwanga ukabaki kitu cha makumbusho.

Kisha ikaja leza. Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman, kwenye maabara ya kampuni ya Hughes huko Malibu, California, alizungushia taa ya mmweko, kama ile ya kamera, kwenye kijiti cha yakuti nyekundu na kupata mwanga wa aina mpya: rangi moja tupu, mawimbi yote yakienda hatua moja kama gwaride. Nadharia yake Einstein alikuwa ameshaiandika zaidi ya miaka 40 mapema. Maiman alipotangaza mwezi wa Julai, magazeti ya Marekani yalirukia moja kwa moja habari za "miale ya kifo". Si mnajua vyombo vya habari. Wenye maabara wao walikuwa wanatania kwamba leza ni jibu ambalo bado linatafuta swali.

Madaktari walilitafuta hilo swali haraka sana. Huko Boston, Paul McGuff alijaribu kutumia leza ya yakuti kuyeyusha uvimbe wa saratani kwa wanyama wa maabara, na ikaonekana kufaulu. Habari zikafika Budapest, Hungary, kwa daktari mpasuaji anaitwa Endre Mester, wa chuo cha udaktari ambacho leo kinaitwa Semmelweis.

Mwaka wa 1967 Mester akaamua kurudia. Akachukua panya, akawanyoa manyoya, akawapandikizia uvimbe chini ya ngozi, akawamulika. Uvimbe haukushtuka hata kidogo. Leza yake ilikuwa dhaifu kuliko ya Boston, dhaifu sana. Kwa mahesabu ya kawaida hilo jaribio limefeli, andika ripoti, nenda nyumbani.

Lakini alikuwa na panya wengine, walionyolewa vilevile ila hawakumulikwa. Alipowaangalia wote pamoja aliona kitu cha ajabu: waliomulikwa manyoya yao yalikuwa yanarudi haraka zaidi, na pale walipokatwa palikuwa panafunga haraka zaidi. Aliandika kuhusu manyoya ya panya kwenye jarida la Kijerumani mwaka wa 1968. Kutoka hapo akaingia kwa vidonda, halafu miaka ya 1970 akaanza kuwamulika binadamu wenye vidonda sugu vya miguu vilivyokataa kila dawa.

Fikiria kama Mester hangekuwa na wale panya wa pili. Angeona panya walionyolewa, manyoya yanarudi. Sawa, manyoya hurudi. Angeona mshono umefunga. Sawa, mishono hufunga. Hangekuwa na cha kuandika. Ugunduzi wote wa leza kama dawa ya kidonda umesimama juu ya panya ambao hawakuguswa na leza.

Baada ya hapo mambo yalienda pole. Ulaya Mashariki na Muungano wa Kisovieti waliikumbatia, nchi za Magharibi zikabaki zikiangalia kwa jicho la pembeni. Miaka ya 1980 mwanasayansi wa Kisovieti Tiina Karu ndiye aliyesukuma maelezo ambayo bado yanatumika: mwanga mwekundu, na ule wa chini ya mwekundu ambao macho hayauoni, unapenya ngozi na kunywewa na kimeng'enya kimoja ndani ya mitokondria, vile vijiwanda vya nishati ndani ya seli. Seli inapata nguvu zaidi ya kufanya kazi yake. Mwaka wa 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaruhusu kifaa kimoja cha leza hafifu kiuzwe kwa maumivu ya kifundo cha mkono. Mlango ukafunguka. Na si porojo zote: kwa wagonjwa wa saratani wanaopata vidonda vya mdomo kutokana na matibabu, ushahidi ni mzuri kiasi kwamba miongozo ya kimataifa inapendekeza mwanga huu. Hapo kulikuwa na makundi mawili ya wagonjwa, wakalinganishwa, ikaonekana. Respekti.

Miaka hiyo hiyo ya 2000 mashine zikaanza kuingia kwa kliniki za wanyama, na hapo ndipo tunarudi kwa paka.

Ngozi ya paka si ngozi ya mbwa iliyopunguzwa saizi. Mwaka wa 2004 Mark Bohling na wenzake wa Marekani walilinganisha vidonda vya paka na vya mbwa, vya ukubwa mmoja, vilivyotengenezwa kwa njia moja. Kile kinyama chekundu kinachoota kujaza shimo kilichukua siku 7.5 kufunika kidonda cha mbwa. Kwa paka, siku 19. Hata mshono wa kawaida, baada ya siku saba, wa paka ulikuwa na nguvu karibu nusu tu ya wa mbwa. Kwa hivyo ukiona kidonda kikubwa cha paka wako kimekaa wiki mbili na bado kiko wazi, hiyo si lazima iwe tatizo. Ni paka tu. Na ni hapo hasa, wiki ya pili, umechoka, unaogopa, ndipo mtu anaweza kukuuzia chochote. Wiki ya tatu kidonda kinaanza kujaa kwa ratiba yake, na sifa inaenda kwa kile ulicholipia mwisho.

Sasa, leza imepimwa kwa wanyama wa nyumbani? Imepimwa, zaidi kwa mbwa. Mwaka wa 2015 kulichapishwa utafiti wa vidonda vya wazi kwa mbwa ambapo upande mmoja wa mbwa ulimulikwa na upande wa pili haukumulikwa. Angalia huo ujanja: mbwa yuleyule, chakula kilekile, umri uleule. Hawakuona tofauti ya maana. Mwaka wa 2018 wengine wakafanya kitu karibu na hicho kwa mishono na vidonda vya wazi, jibu likawa vilevile. Halafu ukaja utafiti wa mbwa tisa wa aina ya dachshund waliopasuliwa mgongo, na wale waliomulikwa mishono yao ilionekana nadhifu zaidi. Mbwa tisa. Ukienda kwa paka, kilichopo ni kidogo zaidi, sana sana ripoti za paka mmoja mmoja, ambazo ukizitazama kwa karibu ni zile picha mbili zikiwa zimevaa tai.

Hiyo haimaanishi leza ni uongo. Kipimo ni kila kitu kwa hii kazi. Mwanga kidogo sana haufanyi chochote, na mwingi kupita kiasi unaweza kuzuia seli badala ya kuzisaidia, kwa hivyo inawezekana baadhi ya tafiti zilikosea dozi. Lakini hiyo pia inamaanisha hata kliniki inaweza kukosea dozi. Mashine zenyewe hazifanani: kuna za chini ya nusu wati, na kuna za juu zaidi ambazo ukizishika mahali pamoja zinaunguza, hasa paka mweusi, kwa sababu rangi nyeusi inanyonya mwanga. Na mara nyingi ule wekundu unaouona kwa video ni wa kuonyesha tu mahali pa kulenga. Mwanga wenyewe wa tiba hauonekani, ndiyo maana miwani si mapambo. (Na hapana, ile leza ya kuchezesha paka usiku ukutani haitibu kitu. Usimwelekezee machoni pia.)

Kwa hivyo madaktari waaminifu wanaiita tiba ya nyongeza, na hilo neno nyongeza ndilo watu huruka. Nyongeza ya nini? Ya kuosha kidonda kwa maji safi ya chumvi, ya kuondoa nyama iliyokufa, ya bandeji inayobadilishwa, ya dawa ya maumivu iliyo salama kwa paka, ya kola ya plastiki ili asilambe. Hizo zikikosekana, leza inamulika uchafu.

Na hapa naongea na sisi wa mtaani, kwa sababu wengi hatutawahi hata kuona hiyo mashine. Vidonda vya paka tunavyoviona ni vitatu hivi: amemwagiwa maji moto na jirani mwenye roho mbaya, ameumwa na paka mwenzake, au amegongwa na boda. Cha kwanza ambacho watu hukimbilia ni ile dawa ya chupa ya kuua viini, ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia kwa maji. Wacha. Iko na kemikali za jamii ya fenoli, ini la paka haliwezi kuzivunja, na atazilamba zote. Cha pili ni kumpa panadol kwa sababu analia. Wacha kabisa. Parasetamoli inaua paka, na haihitaji nyingi. Mtu anaweza kuokoa pesa ya leza na bado ampoteze paka kwa hizo mbili za bei rahisi.

Akiumwa na paka mwenzake, jino ni jembamba, linaingia ndani na shimo linafunga juu. Baada ya siku chache unaona uvimbe laini wenye joto. Hapo ndani kuna usaha na kazi yake ni kupasuliwa utoke, na dawa ya bakteria kama daktari akiona inafaa. Hakuna taa inayotoa usaha. Na kama hujui kilichomuuma ni nini, muulize daktari wa mifugo habari ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, usingoje, kwa ajili yake na kwa ajili yako.

Ukishafanya hayo yote, na daktari akakwambia wana leza, na doh iko, uliza vitu vitatu kwa ustaarabu tu. Daktari, mnatumia dozi gani kwa kila sentimita ya mraba? Ni mara ngapi kwa wiki na mtaacha lini? Na kidonda kama hiki bila leza kingechukua muda gani? Anayejua kazi hatakasirika. Hilo la tatu ndilo panya wa Mester wale ambao hawakumulikwa.

Kuna kidonda kimoja tu ambacho ningekataa leza hata ya bure. Yule paka wa Finsen alikuwa Copenhagen, jua lake lilikuwa la kuazima. Paka mweupe wa Mombasa, au mwenye masikio na pua nyeupe popote hapa karibu na ikweta, anaota jua kali mwaka mzima kwa miaka, na ngozi hiyo nyembamba isiyo na rangi inaweza kupata saratani. Inaanza kama kigaga kidogo kwenye ncha ya sikio. Kinatoka, kinarudi, kinatoa damu kidogo, unadhani amekwaruzwa. Mwanga wa kuamsha seli haufai kuelekezwa kwa seli za saratani, na madaktari wenyewe wameandika hivyo kwenye masharti ya hizo mashine. Daktari akate kipande kidogo kwanza, kipelekwe maabara, na jibu lirudi kabla mtu yeyote hajawasha taa yoyote.